Nunua lenzi kwanza, bodi itafuata

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za watu zimenibana, mniwie radhi. Leo siandiki habari za programu wala hifadhidata. Naandika habari za kamera, na hasa habari za kosa nililolifanya mimi mwenyewe, mtu mwenye digrii ya kompyuta, kwa kumshauri ndugu yangu vibaya.

Mtoto wa shangazi yangu anakaa Bangale. Kwa wasiopajua, Bangale ni mji mdogo wa Kaunti ya Tana River, kando ya ile barabara kuu inayotoka Thika kwenda Garissa. Mabasi hupita, abiria hushuka kunywa chai, kisha safari inaendelea hadi Madogo na daraja la Mto Tana. Wengi huliona eneo hili kupitia dirishani na kusema hakuna kitu huku ila migunga na vumbi. Hawajui. Ukiingia msituni mapema asubuhi utamwona swala twiga amesimama kwa miguu miwili ya nyuma anakula majani ya juu, tandala mdogo, digidigi wawili wawili, hondohondo, na makundi ya kanga wale wenye kifua cha buluu. Kaskazini iko Mbuga ya Taifa ya Kora, alikoishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa mwaka 1989. Ukifuata mto kuelekea kusini, baada ya Hola, kuna misitu ya kando ya mto ambako wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, kima wawili ambao hawapatikani porini popote pengine duniani.

Basi huyu ndugu yangu alikuwa mfugaji. Ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya maana, ulimwachia ngamia wachache na mbuzi wa kuhesabu. Akafikiri: wanyama wa porini nawajua, najua wanakunywa wapi na wanalala wapi, kwa nini nisiwapige picha, niuze, niwaongoze na wageni wanaotaka kuona? Wazo zuri kabisa. Akauza ngamia dume mmoja na mbuzi kadhaa, kisha akanipigia simu. "Kaka, wewe ndiye unayejua mashine. Ninunue kamera gani?"

Nilikaa usiku tatu nikisoma. Nikatengeneza jedwali: megapikseli, ISO, kasi ya kupiga picha kwa sekunde, video. Mwishowe nikamwambia anunue bodi mpya yenye sensa kubwa, ile ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, kwa sababu kila mahali waliandika sensa kubwa ni bora. Ilikuja na lenzi moja inayofika milimita 70. Nikamwambia, "Lenzi ya kuvuta utanunua baadaye." Pesa zote zikaishia kwenye bodi. Hiyo baadaye haikuja.

Miezi michache baadaye nilienda kwao kwa Idi. Akanionyesha picha zake. Kila picha ilikuwa nzuri ya mandhari: anga, migunga, udongo mwekundu. Na katikati, kitu kidogo kama chungu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nikisogea anakimbia, kaka." Nilitamani ardhi inimeze.

Hesabu ambayo sikuifanya

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu yenyewe ni ya darasa la nane. Ukubwa wa mnyama juu ya sensa ni kimo chake mara urefu wa lenzi, gawa kwa umbali. Kisha gawa jibu kwa upana wa pikseli moja, upate mnyama amechukua pikseli ngapi. Ndiyo hiyo tu.

Chukua swala twiga mwenye kimo cha mita 1 begani, amesimama mita 60 kutoka kwako. Kwa lenzi ya milimita 70, anachora milimita 1.17 kwenye sensa. Bodi ya sensa kubwa ya megapikseli 24 ina pikseli zenye upana wa mikroni 6 hivi. Kwa hiyo mnyama mzima anapata pikseli 194, kutoka begani hadi kwato, katika picha yenye kimo cha pikseli 4,000. Huo ndio ule chungu.

Sasa chukua bodi ya zamani kidogo yenye sensa ndogo, ile inayoitwa APS-C. Mfano Nikon D7200, iliyotoka 2015, megapikseli 24 vilevile lakini zimebanwa kwenye sensa ndogo, pikseli moja ni mikroni 3.9. Ipachike lenzi ya milimita 500. Swala yuleyule, mita zilezile 60, anapata pikseli zaidi ya 2,100. Mara kumi na moja! Na bodi hii ya mitumba ni rahisi kuliko ile mpya kwa mbali sana.

Kwa hiyo maoni yangu, na nitayasimamia: anayeanza kupiga picha za wanyama na pesa zake ni za mawazo, robo tatu ya pesa hizo ziende kwenye lenzi. Bodi inunuliwe kwa kilichobaki, hata kama ina miaka kumi. Usikubali kuambiwa lenzi utanunua baadaye.

Kwa nini lenzi

Sisi waandishi wa programu tunajua kuna vitu vinavyozeeka haraka na vitu vinavyodumu. Bodi ya kamera siku hizi ni kompyuta, na inazeeka kama kompyuta. Lenzi ni vioo na chuma. Tazama Canon: lenzi yao ya EF 100-400 ya kwanza ilitoka 1998, na toleo la pili likaja 2014. Katika miaka hiyo 16 bodi zao za dijitali zilizaliwa, zikatukuzwa, zikasahaulika, moja baada ya nyingine. Aliyenunua lenzi ile alikuwa akibadilisha bodi tu nyuma yake.

Tena mlango wa kupachikia lenzi ndio unaokufunga na kampuni. Nikon walianza mlango wao wa F mwaka 1959, Canon wakaanza wa EF mwaka 1987. Ndiyo maana soko la mitumba limejaa lenzi zao. Lakini hapa kuna mitego ya kutopatana, kama ile ya programu. Lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ndani hazijifokasi zenyewe kwenye bodi ndogo kama za D3000 na D5000. Na kinyume chake, lenzi mpya kama Nikon 200-500 hutumia umeme kufungua na kufunga tundu la mwanga, kwa hivyo haifanyi kazi sawasawa kwenye bodi kongwe kama D90 au D40. Ukienda dukani, beba bodi yako, pachika, piga picha kumi ukiwa umesimama pale pale. Usikubali maneno ya "itaingia tu".

Lenzi zipi basi?

Wakubwa wanatumia milimita 600 yenye f/4. Lenzi hiyo ya Canon iliyotoka 2018 iliuzwa dola 12,999 za Marekani. Kwa nini ghali hivyo? Gawanya 600 kwa 4, unapata 150: yaani inahitaji tundu la mwanga la upana wa milimita 150, karibu kama sahani ya chai. Kioo kikubwa namna hiyo kukisafisha hadi kisiwe na kasoro ni kazi. Lenzi yenye f/6.3 inapokea mwanga mara mbili na nusu pungufu. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia. Kwa jua letu la Bangale, mimi nasema usilipe.

Za watu wa kawaida ni hizi: Tamron 150-600 na Sigma 150-600, za miaka ya 2013 hadi 2016, Nikon 200-500 ya 2015, na kwa wenye Sony, 200-600 ya 2019. Nyingi zina uzito wa kilo mbili hivi. Zote zinatosha. Usikeshe ukilinganisha ncha za picha zilizokuzwa mara nne, kwa sababu tofauti zake utazimeza kwa mkono mmoja unaotikisika.

Mwenye pesa kidogo zaidi na mgongo mbovu aangalie Canon R7 ya 2022 na lenzi ya RF 100-400. Lenzi hiyo ina gramu 635 tu! Pikseli za R7 ni ndogo, mikroni 3.2, hivyo swala wetu wa mita 60 anapata karibu pikseli 2,080 kwa milimita 400. Ni sawa na ule mzigo wa kilo tatu niliousema juu. Ubaya wake ni f/8 ukivuta hadi mwisho, kwa hiyo alfajiri utateseka. Tena kamera hizi zisizo na kioo zina programu ya kutafuta jicho la mnyama na kulishika, na nakiri kwa ndege anayeruka ni kitu cha ajabu. Lakini programu hiyo haiwezi kumkuza mnyama. Kwanza jicho liwe na pikseli za kutosha, ndipo programu ilione.

Na asiye na uwezo wa yote hayo asione haya kununua zile kamera za lenzi isiyotoka, kama Nikon P1000 ya 2018. Sensa yake ni ndogo sana, picha za gizani zina chembechembe, lakini ndege aliye juu ya mti utamtambua.

Jambo moja nakataa. Usitegemee programu za kukuza picha baadaye. Programu ikipewa pikseli 194 na kuambiwa itoe 2,000, zile nyingine inazibuni. Manyoya inayochora ni ya kubahatisha. Kwa picha ya ukutani sawa, lakini kwa mtu anayetaka kusema "nimemwona mnyama fulani mahali fulani", huo ni uongo.

Pahali hapafanani

Msitu wa kando ya mto si Bangale. Kule kwa mbega mnyama huweza kuwa mita 15 juu ya kichwa chako, ndani ya kivuli, nyuma yake anga nyeupe. Hapo milimita 300 inatosha, na kinachohitajika ni mwanga, yaani f/4 ikiwezekana, na kupandisha ISO bila woga. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki.

Garsen na delta ni kwa ndege. Yangeyange, mwari, vipanga wa samaki. Mara nyingi uko ndani ya mtumbwi, hakuna pa kusimamisha miguu mitatu. Uzito ndio adui, na kasi isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde.

Bangale kwenyewe adui ni hewa. Ikifika saa tatu asubuhi ardhi imepata moto, hewa inapanda ikichezacheza, na mwanga unapinda njiani. Swala wa mita 100 anaonekana kama yuko ndani ya maji. Watu hudhani lenzi yao ni mbovu, wanairudisha dukani. Si lenzi! Na lenzi ndefu zaidi haisaidii, inakuza na ule mtetemeko wa hewa pamoja na mnyama. Dawa ni kupiga alfajiri hadi saa mbili na nusu, halafu saa kumi na moja jioni. Katikati ya siku kaa kivulini ufute vumbi. Na usibadilishe lenzi upepo ukivuma, vumbi letu jekundu likiingia kwenye sensa utaliona katika kila picha ya anga.

Umeme nao ni wa jua. DSLR za zamani zina faida hapa: D7200 inapimwa kuwa na picha 1,110 kwa betri moja. Zile zisizo na kioo huwasha skrini muda wote, hivyo beba betri mbili au tatu.

Somo alilonifundisha yeye

Siku ya pili ya Idi nilimwambia ndugu yangu twende tujaribu. Nilikuwa nimeazima D7200 na ile 200-500 kwa rafiki wa Nairobi. Nikatembea mbele kwa kunyatia, kama nilivyosoma. Swala twiga akaniona kwenye mita 80, akatoweka. Wa pili vivyo hivyo.

Ndugu yangu akacheka. Akafungua zizi, akatoa mbuzi wake, akatembea katikati yao taratibu akipiga mluzi kama siku zote, kamera imening'inia shingoni. Hakumwelekea swala, alipita kando tu kama mtu na mifugo yake. Swala aliinua kichwa, akawatazama mbuzi, akarudi kula. Tulikuwa mita 25!

Hapo ndipo niliirudia ile hesabu yangu kichwani. Kimo mara lenzi, gawa kwa umbali. Mimi nilikuwa nikihangaika na namba ya juu, ambayo inauzwa dukani. Yeye alikuwa na namba ya chini, ambayo hainunuliki. Kutoka mita 60 hadi 25 ni sawa na kubadilisha lenzi ya 200 kuwa 480, bila hata senti. Ningemuuliza swali moja tu siku ile ya simu, "Wewe hukaribia mnyama hadi wapi?", ngamia wake angefanya kazi ya maana.

Lakini tusimpe mnyama shida kwa sababu ya picha. Wakati wa ukame kama kisima ni kimoja, usikae kando yake ukisubiri, maana asiyekunywa kwa kukuogopa wewe anaweza kufa kwa kiu. Na ukibeba lenzi ndefu begani ukumbuke barabara yetu ina vizuizi vya polisi, na kwa mbali kitu kile kinafanana na bunduki. Iweke kwenye mfuko, jitambulishe kwanza kwa mzee wa mtaa.

Zima GPS

La mwisho ni la sisi watu wa kompyuta. Baadhi ya kamera na simu nyingi huweza kuandika ndani ya faili ya picha mahali ilipopigwa. Ng'ambo ya mto, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini huko Garissa, twiga weupe walijulikana duniani mwaka 2017 kwa sababu ya picha. Machi 2020 ikatangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja, na Novemba mwaka huohuo akavishwa kifaa cha GPS ili walinzi wamfuate. Sisemi picha ndizo zilizowaua. Nasema jangili naye ana intaneti.

Hata hivyo mahali hapohapo ndani ya faili pana kazi njema. Mwaka 2016 kule kaskazini mwa Kenya wananchi walipewa kamera zenye GPS wakapiga picha punda milia wa Grevy, ubavu wa kulia tu, na programu ya kompyuta ikatambua kila mmoja kwa mistari yake. Walihesabiwa wapatao 2,350. Kwa hiyo washa GPS unapowapelekea watafiti, izime na uifute unapoweka picha hadharani. Na ona kwamba hata programu ile ilitaka mistari ionekane, yaani ilitaka pikseli, yaani lenzi.

Ndugu yangu aliiuza ile bodi kwa hasara. Hasara hiyo nimeilipa nusu, nusu nyingine amekataa kuichukua. Sasa ana DSLR ya mitumba yenye mkwaruzo ubavuni na lenzi ya 150-600. Picha ya kwanza aliyoniletea ni swala twiga amesimama kwa miguu ya nyuma, unaziona hata kope zake. Alimwonyesha mama yake. Shangazi akaitazama kwa muda, akauliza, "Huyu ndiye aliyekula ngamia wetu?"

Mkitaka kununua, fanyeni ile hesabu kwanza, tena muanze na umbali.